Siku moja maishani mwangu: kutoka kijiweni Igoma hadi ofisi ya mbunge

Saa 10:40 alfajiri. Igoma, hapa Mwanza, bado giza. Kabla sijawasha pikipiki naangalia breki, mnyororo, upepo wa matairi na taa. Taa ya nyuma naikagua mara mbili, maana malori ya barabara ya Musoma yanapita hapa usiku kucha, na asiyekuona ndiye anayekuua.

Abiria wangu wa kwanza ni mama muuza samaki anayewahi Mwaloni, Kirumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Twende, mitumbwi imeshaingia."

Anajifunga kitambaa chake kichwani kwanza, ndipo anavaa kofia ngumu juu yake. Miezi mitatu nyuma alikuwa anaikataa, anasema imevaliwa na watu wengi na inanuka jasho. Alikuwa na haki ya kulalamika. Nikaanza kuifua bitana kila Jumapili, nikamweleza kwamba kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani kofia ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Siku hizi nikiisahau mimi, ananikumbusha yeye. Tunashuka Nyakato, Buzuruga, Mabatini, upepo wa ziwa unatupiga usoni tukikaribia Kirumba.

Saa 1 asubuhi. Wanafunzi. Mzazi mmoja anataka nipakie watoto watatu mishikaki. Nakataa, anamwita mwingine, wanaondoka. Inaniuma kila asubuhi.

Saa 4. Tumekaa kijiweni tunamalizia barua. Leo alasiri tuna miadi na mheshimiwa mbunge wa viti maalumu, na mimi ndiye katibu, kwa hiyo kalamu ninayo mimi. Baadhi ya vijana hawaamini kama safari hii ina maana. Nawakumbusha mwaka 2021: faini yetu ya kosa moja la barabarani ilikuwa shilingi 30,000 sawa na ya mwenye gari, na katika bajeti ya mwaka ule ikashushwa hadi 10,000. Ilipitia Bungeni Dodoma. Kilio cha bodaboda kilisikika mara moja, kinaweza kusikika tena.

Mmoja anasema Marekani waendesha pikipiki waliwabana wabunge wao hadi mwaka 1976 serikali kuu ikanyang'anywa uwezo wa kuyaadhibu majimbo yasiyo na sheria ya kofia kwa wote. Ni kweli. Umoja ule nautamani, dai lile silitamani hata kidogo. Sisi tumeshazika wenzetu wengi mno.

Dai letu ni mkataba. Asiyeendesha hawezi kujua jinsi karatasi ile inavyoingia barabarani, kwa hiyo nieleze. Tajiri ananunua pikipiki, wewe unampelekea hesabu kila siku, kwangu ni shilingi 8,000, kwa miezi 16, kisha chombo kinakuwa chako. Mvua inyeshe, uumwe, ufiwe, hesabu iko palepale. Ukilaza hesabu siku kadhaa anachukua chombo, na zote ulizolipa zimekwenda. Sasa mtu wa mwezi wa 14 akipungukiwa, atalala? Mwenzetu hakulala. Aliendesha mchana kutwa na usiku kucha, alfajiri akasinzia akaingia ubavuni mwa lori lililoegeshwa. Polisi waliandika mwendo kasi. Sisi tuliokunywa naye chai saa 9 za usiku tunajua ulikuwa usingizi. Bima aliyokuwa nayo ilikuwa bima ndogo, ile ya kufidia wengine, yeye mwenyewe haimhusu. Mkewe alibaki na watoto wawili na deni la duka.

Saa 7. Ugali na dagaa kwa mama ntilie, haraka.

Saa 9:30 alasiri. Tumeenda watano, mashati yamefuliwa, viakisi mwanga tumevaa. Tukaamkia, tukakaa.

"Karibuni wanangu. Nimesoma barua. Nambieni, mnataka sheria ibadilishwe au kanuni?"

Swali hilo nilikuwa nimelilalia usiku mbili. Nikasema: "Mheshimiwa, Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, haikutungwa ikimwona bodaboda. Kuibadili ni muswada, kamati, kusomwa mara tatu, saini ya Rais. Lakini leseni ya kubeba abiria inatoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kanuni zake anazitunga waziri. Tunaomba uanze na swali Bungeni: je, Serikali iko tayari kuweka sharti kwamba pikipiki ya biashara isipewe leseni bila mkataba wa maandishi, nakala moja kwa dereva, siku moja ya mapumziko kwa wiki isiyo na hesabu, na chombo kisichukuliwe bila kuhesabu alicholipa?"

Aliandika yote. Akauliza kama matajiri nao tumewasikiliza, akasema wengine ni walimu na wauguzi waliokopa kununua pikipiki moja hiyohiyo. Ni hoja ya kweli na hatukuwa tumeiweka kwenye barua. Kisha akasema: "Nileteeni mikataba yenyewe. Nikisimama kule niwe nimeiona."

Tukatazamana. Kati yetu watano, wenye nakala walikuwa wawili.

Saa 12 jioni. Nimebeba abiria wanne tangu turudi, na hesabu haijatimia. Nimemtumia tajiri 6,000 na ujumbe wa heshima kwamba 2,000 itafuata. Hajajibu.

Saa 2 usiku. Kijiwe kimejaa kuliko siku ya malipo ya mchango. Nimesimama chini ya taa ya kibanda cha chipsi, napiga picha mikataba kwa simu. Mmoja kaleta karatasi ya daftari yenye saini bila tarehe. Mwingine kaleta ya kwake imekunjwa hadi maandishi ya katikati yamefutika. Tuko 19, nimepata sita. Waliobaki wanawapigia matajiri zao kuomba nakala, mmojammoja, wakitembea kando kidogo ili wasisikike wakibembeleza.