Jibini ya mbuzi katika ubaridi wa Bukavu: kumbukumbu ya mradi wangu

Septemba, mvua zinaanza

Kupata mbuzi Bukavu si shida. Shida ni maziwa yake. Nenda soko la Kadutu, nenda Mudaka siku ya soko, mbuzi wamejaa, lakini wote wanahesabiwa kwa nyama, kwa mahari au kwa ada ya shule. Mbuzi wetu wadogo wa vilimani hawana maziwa mengi, na kidogo walicho nacho wanakimaliza watoto wao. Mama mmoja wa Bagira anafuga nyuma ya nyumba yake. Nilipomwambia nataka kununua maziwa, aliniangalia kwanza, halafu akauliza:

"Maziba ya mbuzi ni ya batoto yake. Weye utafanya nayo nini?"

"Fromaji, mama."

"Fromaji si inatokaka Masisi?"

Ni kweli, inatoka Masisi. Inafika hapa kwa boti kutoka Goma, ya manjano, ngumu, imebanwa vizuri, na mimi ni mtu wa kuila hata bila mkate. Lakini ile ni ya ng'ombe. Ninayoitaka mimi ni nyeupe, laini, yenye uchachu kidogo, ya kuliwa ndani ya siku mbili tatu. Jibini ya namna hiyo haivumilii barabara na gunia. Anayeitaka Bukavu lazima aifanyie Bukavu.

Tulikaa na mama huyo tukapanga. Wiki mbili za kwanza baada ya mbuzi kuzaa, maziwa yote ni ya watoto, sigusi. Baada ya hapo watoto wanalala kando na mama yao usiku, asubuhi mama anakamuliwa, kisha watoto wanarudishwa na kunyonya mchana kutwa. Dume anafungwa mbali na majike, maana harufu yake inaingia kwenye maziwa, na watu wengi wanaosema maziwa ya mbuzi yananuka wanasema habari za dume bila kujua. Chuchu zinaoshwa, maziwa yanaingia kwenye chombo cha chuma kilichochemshwa, na chombo kinakaa ndani ya beseni la maji baridi mpaka nifike.

Maziwa ya majike wake wote wanaonyonyesha, kwa asubuhi moja, hayajazi chupa mbili za lita. Kwa hiyo mradi huu utakwenda kwa mwendo wa mbuzi.

Septemba bado: kuhusu homa

Niandike hili mapema ili asije mtu akaanza bila kulijua. Maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kubeba bakteria wa Brucella, na mbuzi aliye nao anaweza kuonekana mzima kabisa. Dalili moja ya kuangalia zizini ni mimba kutoka. Kwa mtu, ugonjwa huo ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo, uchovu usioisha, na hapa kwetu ni rahisi mtu akameza dawa za malaria mwezi mzima bila kupona. Jibini mbichi ya maziwa ambayo hayakupata moto ni njia mojawapo kubwa ya kuupata.

Kwa hiyo kila tone linapita kwenye moto: nyuzi 63 kwa dakika 30, nikikoroga. Nina kipimajoto cha maabara, kile kirefu cha kioo. Sufuria ya maziwa inakaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, yenye makala (makaa) machache, na mlango wa hewa nimeufunga nusu. Maji yanazuia maziwa kuungua na joto linapanda polepole. Sichemshi maziwa mpaka yafure, kwa sababu maziwa yaliyochemka sana hayagandi vizuri baadaye.

Oktoba: jibini ya limau

Nilianza na njia ya haraka zaidi, nijue ladha ya maziwa yenyewe. Maziwa yalifika nyuzi 85, nikayaondoa motoni, nikamwaga maji ya limau kidogo kidogo huku nikikoroga taratibu. Mara moja yakakatika: madonge meupe juu, maji ya rangi ya kijani hafifu chini. Nikachuja kwa kitambaa cheupe cha pamba, nikatia chumvi.

Lita moja ilinipa jibini ya kujaza bakuli dogo, karibu gramu 170. Ni nzuri. Haiyeyuki kwenye moto, kwa hiyo inakaangika vizuri na vitunguu na pilipili. Weupe wake unashangaza kila anayeiona, na sababu ni kwamba mbuzi, tofauti na ng'ombe, haachi ile rangi ya manjano ya majani kwenye mafuta ya maziwa yake.

Lakini limau linafunika kila kitu, na mgando wake unasagika mdomoni kama chenga. Ni chakula kizuri cha jioni, ila sicho nilichokuwa nakitafuta.

Novemba: njia ndefu

Jibini ninayoitaka inagandishwa na uchachu unaojitengeneza wenyewe. Bakteria wa maziwa wanakula sukari iliyomo, wanatoa asidi, na asidi inapofika kiwango chake maziwa yote yanakamatana. Kazi hiyo inachukua usiku mzima na mchana, pengine zaidi.

Chachu nilitamani itoke kwenye mashanza, maziwa yetu yaliyoganda, ambayo kila mtu wa Bushi, nchi ya Bashi inayouzunguka mji huu, ameyanywa. Uchachu wake ndio hasa ninaoupenda. Ila mashanza ya sokoni hutoka kwenye maziwa mabichi, na nikitia kijiko chake kwenye maziwa niliyoyapasha kwa nusu saa, nimefuta kazi yote ya moto. Nikaomba msaada kwa mtengenezaji jibini mmoja wa Masisi. Akanitumia kwa boti kifuko cha chachu ya unga na chupa ndogo ya prezure, ile dawa ya kugandisha inayotokana na tumbo la ndama anayenyonya. Chachu hiyo sasa naiendeleza mwenyewe ndani ya maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, kwenye chupa safi.

Namna ninavyofanya: maziwa yakishapashwa, nayapoza mpaka nyuzi 22. Natia vijiko viwili vya chachu kwa kila lita. Baada ya saa moja au mbili natia tone moja la prezure kwa lita, lililochanganywa kwanza na maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya bomba yenye klorini yanaiharibu prezure, kwa hiyo kuchemsha ni lazima. Tone moja ni dogo sana, na ndivyo inavyotakiwa, maana asidi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Nafunika, naweka juu ya kabati, naacha.

Hapa ndipo Bukavu yenyewe inapoingia kazini. Jibini ya namna hii inataka nyuzi 20 hadi 22 mchana na usiku. Joto likizidi, uchachu unakimbia na jibini inakuwa kali na kavu. Kwa watu wa Kinshasa au Kindu ingekuwa lazima kutafuta chumba chenye mashine ya baridi. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya miguu yetu, na jikoni kwangu, upande usiopigwa na jua, kipimajoto kinasimama kwenye 20 bila mtu kufanya lolote. Umeme ukatike usikatike, jibini haina habari. Tumezoea kuhesabu ubaridi wa mji huu katika hasara, nguo zisizokauka, watoto wenye mafua, na kumbe ni mtaji.

Kesho yake jioni mgando ulikuwa umejitenga na ukingo wa sufuria na maji membamba yamesimama juu yake, kimo cha kidole. Harufu ilikuwa safi, ya uchachu mtamu. Nikauchota kwa kijiko kipana, vipande vyembamba vyembamba, nikaviweka ndani ya kitambaa juu ya kikapu kidogo cha mianzi. Mgando wa maziwa ya mbuzi ni dhaifu kuliko wa ng'ombe. Ukiukoroga unavunjika na jibini nzuri inakwenda na maji. Usiku kucha ukachuruzika. Asubuhi nikapima, nikatia chumvi gramu 12 kwa kilo.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alionja akanyamaza, akaonja tena, akauliza kama imebaki. Mume wake alisema inahitaji pilipili. Wote wawili nawakubalia.

Novemba, baridi kali

Mvua ya siku mfululizo ilishusha kipimajoto mpaka 17 usiku. Maziwa yakachelewa kuganda karibu siku nzima zaidi. Yaliganda hatimaye, na ladha ilikuwa ya upole kuliko kawaida, jambo ambalo sikulichukia. Ila mama wa Bagira anataka kujua siku ya kuleta maziwa mengine, kwa hiyo nahitaji saa zinazotabirika.

Dawa yake ilikuwa tayari nyumbani: kikapu cha joto. Ni kikapu kikubwa cha sokoni nilichokijaza blanketi kuukuu na majani makavu ya mgomba, na ni humo ninamopikia maharage. Sufuria ya maziwa ya nyuzi 22, ikifungwa humo, inapoa polepole sana. Tangu hapo kikapu kina kazi mbili.

Desemba: jikoni

Maharage yenyewe nayapika hivi. Yanalala ndani ya maji usiku, maji hayo namwaga. Yanachemka kwa nguvu juu ya makala kwa nusu saa nzima, kisha sufuria, ikiwa bado inatokota na kifuniko chake kimebana, inaingia kikapuni mpaka jioni. Ile nusu saa isipunguzwe, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ambayo mchemko wa nguvu ndio unaoiua, na joto la polepole peke yake haliiwezi. Kwa mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage ya Bukavu yanachelewa kuiva kuliko ya Uvira. Nyanya, na yale maji machachu ya jibini, visiingie mpaka punje ziwe zimelainika, maana asidi inazifanya ngumu.

Makala yanayobaki kwenye gunia nayaona kwa macho. Makala haya yanatoka kwenye miti, na mengine yanatoka pembezoni mwa mbuga ya Kahuzi-Biega, kila mtu mjini anajua. Kupika polepole kwa kikapu si anasa ya mtu mwenye muda mwingi. Unapata chakula bora kwa moto mdogo.

Sombe haiingii kikapuni. Majani ya muhogo yana sumu yake, inayotoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Saa tatu, basi, juu ya moto mdogo. Mwishoni, mafuta ya mawese yakishapanda juu na kitunguu cha majani kimelainika, naondoa motoni na kuvunjia jibini juu, bila kukoroga. Uchungu wa majani, uzito wa mawese na uchachu wa jibini vinashikana vizuri kuliko nilivyotumaini. Na bugali wa moto. Mama mkwe, ambaye sombe yake hairuhusu hata karanga, alisema: "Hii unaweza kunipikia tena." Nimeyaandika maneno yake hapa kwa makusudi.

Na lenga-lenga, yaani mchicha, inakubali. Na bitoke, ndizi za kupika, za kuchomwa zinakubali sana. Kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sipendekezi, samaki anashinda.

Maji ya jibini siyamwagi. Nakandia unga wa mikate, na yanayozidi yanakwenda kwa nguruwe wa jirani, ambaye sasa ananikumbusha siku ya kuchuja.

Februari: bei

Italia mwaka 1986 watu walipinga mgahawa wa McDonald's kufunguliwa karibu na Piazza di Spagna mjini Roma, na kutoka hapo Carlo Petrini na wenzake wakajenga harakati ya Slow Food, yaani chakula cha polepole, yenye konokono kama alama. Tamko lake lilitiwa saini Paris mwaka 1989. Wanataka chakula kiwe kizuri, safi na cha haki. Mawili ya kwanza naweza kuyashughulikia jikoni kwangu. La tatu linaamuliwa Bagira.

Mama anaamka gizani kutenga watoto wa mbuzi, anaosha, anakamua, anapoza. Namlipa mara mbili ya bei ya maziwa ya ng'ombe sokoni, na rafiki zangu wanaonijia kununua jibini wanaona bei yangu ni kubwa. Ni kubwa. Nimewaonyesha hesabu: lita moja haifikishi gramu 200. Waliobaki baada ya hesabu ni wachache, nao wananunua kila wiki.

Sitaishusha. Nikishusha, wa kwanza kubanwa ni yeye, na wa pili ni watoto wa mbuzi, maana atakamua zaidi ya alichopaswa. Tayari majirani zake wawili wameuliza kama nitachukua na maziwa yao. Nimewaambia ndiyo, ila kwanza daktari wa mifugo apime mbuzi wote damu kwa ajili ya Brucella, gharama tugawane.

Kinachofuata ni majivu. Ufaransa, kwenye jibini ya mbuzi iitwayo Sainte-Maure de Touraine, wanapaka majivu ya makala juu ya ngozi na kupitisha unyasi katikati, kisha inakaa wiki kadhaa ikikomaa. Majivu yanapunguza ukali wa asidi juu, na ngozi inajijenga vizuri. Chumba cha chini cha yaya kina unyevu wa kutosha na kipimajoto humo kinasoma 16. Rafu za mbao fundi ameshazipima. Anangoja nimpe fedha za mbao, na mimi nangoja mbuzi wawili wa Bagira wazae mwezi ujao.