Musa alipokataa maziwa

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Dada zangu, wiki hii nilikuwa nimepanga tuendelee na mlango wa subira pale tulipoachia. Nimeshindwa. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumamosi, na nikilipita nitakuwa nawasomesha nisichokisoma mwenyewe.

Wengi wenu mlijua safari ya mume wangu ya Ngazija, kule Komoro. Binti wa marehemu binamu yake, mwenye miaka saba, amekuja kukaa nasi. Babake alifariki mtoto akiwa mchanga, mamake akafuata mwaka jana. Aliyebaki ni bibi mzaa mama, naye presha na miguu vimemshinda. Karatasi za kafala, yaani malezi ya yatima kwa sheria ya Kiislamu, zilichukua muda, za kwao na za kwetu, lakini alhamdulillahi, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala hapa Kenya kwa jina lake. Hukumu zake mnazijua: mtoto habadilishwi nasaba, anaitwa kwa babake kama ilivyo katika Al-Ahzab aya ya 5, hatarithi kwetu ila wasia ndani ya thuluthi upo, na akibaleghe, stara ya nyumba itakuwa nyengine. Hayo niliyashika vizuri. Nikadhani kuyashika hayo ndiyo kuijua kafala.

Walishuka stesheni ya Miritini, hapa Mombasa, saa nane mchana na treni ya asubuhi. Mtoto hakuwahi kuona treni, kwao hazipo. Mume wangu anasema njia nzima aliweka kiganja kwenye kioo, hakusema kitu. Mimi nyumbani sikuwa nimekaa tangu alfajiri. Pilau imepaliwa makaa, shuka mpya, gauni jipya, na ukumbi umejaa wanawake wa mtaa mzima. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa amekwisha kutia udi.

Akaingia. Nikampa gilasi ya ukwaju, akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema: "Marahaba."

Ukumbi mzima ukacheka. "Hee! Nani amemwamkia?" mmoja akasema. "Kitoto kimejifanya bibi!" Walicheka bila ubaya, nawajua. Lakini kwa Kingazija marahaba ni ahsante. Mtoto alikuwa anashukuru, kwa adabu aliyofunzwa na mamake. Alitutazama mmoja mmoja, akaweka gilasi chini, na neno hilo halikutoka tena kinywani mwake siku ile.

Hapa mnivumilie, maana nitasema na baadhi yenu mtajijua. Sisi ndio tunaopanda mabasi kwenda Lamu kila Maulidi kuzuru alipolala Habib Saleh. Habib Saleh alitoka wapi? Si hukohuko Ngazija? Alikuja kijana, mgeni, na Mwenyezi Mungu akaujaalia msikiti wa Riyadha kupitia mkono wake. Halafu mtoto wa huko anatuambia ahsante kwa lugha ya kwao, nasi tunamcheka.

Na si hilo tu. Mwenzangu mmoja alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayechagua embe Marikiti, akasema, "Maskini yatima, na macho yake yalivyo! Mwenzangu, pepo umeshaipata." Akatoa simu kumpiga picha. Neno yatima ni la Kiarabu, kwao wanalo kama tulivyonalo sisi. Nilimwona mtoto akilisikia.

Dada zangu, hadithi ya vidole viwili tunaihifadhi sote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema yeye na mlezi wa yatima Peponi watakuwa hivi, akaashiria kwa kidole cha shahada na cha kati. Ni kweli na ni haki. Lakini hebu tuache kuihesabu pepo yetu juu ya kichwa cha mtoto aliyesimama anasikia! Mtoto huyo hakufiwa na mamake ili sisi tupate thawabu. Kila Ramadhani tunawapanga watoto wa watu mstari mbele ya magunia ya unga, tunawaambia wacheke, tunawapiga picha, na picha inazunguka simu zote za Mombasa mpaka inamfikia mwalimu wake na mwenzake wa dawati moja. Al-Baqara aya ya 264 inatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na udhia. Tunadhani masimango ni maneno tu. Picha nayo inasimanga, tena haichoki, inaendelea kusimanga hata mtoto akishakuwa mtu mzima. Mwenye picha ya binti huyu ya Jumamosi namuomba aifute. Namuomba kwa mapenzi, na namuomba leo.

Nimewasema nyinyi, sasa nijiseme mimi. Langu ni kubwa zaidi.

Baada ya Magharibi wageni walikuwa wameondoka. Sahani yake ya pilau ilikuwa vilevile tulivyoipakua. Akanivuta kanga akasema kwa sauti ndogo, "Koko." Mavyaa akafurahi, mtoto amesema! Akaenda jikoni mwenyewe, akamkorogea kakao, maziwa mengi, sukari mbili. Mtoto akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema tena, "Koko."

Koko kwa Kingazija ni bibi. Nilijua. Mume wangu alinifunza kabla hajasafiri, na bibi huyo mwenyewe nimezungumza naye mara nyingi kwa simu hiyohiyo iliyokuwa mfukoni mwangu. Tena alikuwa amepiga mara tatu jioni ile, nami nikaiacha ilie. Nilijua, nikanyamaza, nikaacha kikombe kiwekwe mbele yake.

Kwa nini? Nilijiambia akisikia sauti ya bibi yake atalia usiku kucha. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mume wangu aliporudi kutoka msikitini. Ile nyengine sikuisema: nilitaka siku ya kwanza iwe yangu. Miezi yote ile nilikuwa nimejiona nikiitwa mama, na sikutaka mtu mwengine aitwe kwa machozi nyumbani kwangu.

Alilala akiwa amegeukia ukuta, hakulia. Nikasema alhamdulillahi, ametulia.

Saa tisa usiku niliamka kuswali. Baada ya witri nikafungua msahafu nisome Al-Qasas, sura ninayoipenda, nikafika aya ya 12. Mnakijua kisa. Musa, amani imshukie, ametolewa mtoni, mke wa Firauni amesema huyu ni kiburudisho cha macho yangu na yako. Kasri haikupungukiwa kitu. Wanyonyeshaji waliletwa. Na Mwenyezi Mungu akawaharamishia wote kinywa kile kidogo. Mtoto ana njaa, maziwa yapo, na hataki.

Aya hii nimeisomesha mara ngapi! Kila mara nimesimama upande wa mamake Musa, yule ambaye moyo wake ulibaki mtupu, nikifurahi naye mwanawe anaporudishwa kifuani mwake. Usiku ule kwa mara ya kwanza niliisoma nikiwa ndani ya kasri. Mwenye pilau ni mimi. Mwenye shuka mpya ni mimi. Na mtoto amefumba mdomo, si kwa ukosefu wa shukrani, maana shukrani alishaileta mlangoni ikachekwa.

Tazameni namna Mola wetu alivyolitatua. Hakumtoa Musa kasrini. Musa alikulia humo, na Firauni mwenyewe alikuja kumkumbusha katika Ash-Shuaraa kwamba tulikulea kwetu utotoni. Wala hakumlazimisha kusahau. Dada yake alielekeza njia, mamake akaitwa, na mtoto akapata vyote viwili: alikolelewa na alikotoka. Aliyemwita kiburudisho cha macho yake alikubali atulie kifuani kwa mwengine. Sijui kama Asiya, mke huyo wa Firauni, alijua ni nani yule mama. Mimi nilijua ni nani anayepiga simu.

Nikaisoma Adh-Dhuha nikilia. Basi yatima usimwonee. Maisha yangu yote nimedhani kumwonea ni kumpiga, kumnyima chakula, kula mali yake. Kumbe mtu anaweza kumwonea yatima kwa kikombe cha kakao.

Saa zetu na za Moroni, aliko bibi, ni zilezile. Adhana ya Alfajiri ilipokwisha nikasubiri mtu aswali, nikapiga. Bibi alipokea kabla haijalia mara ya pili. Alikuwa hajalala. Hakunilaumu, na kutonilaumu kwake ndiko kulikonivunja. Nikampelekea mtoto simu kitandani, nikaiweka sikioni mwake.

Alilia, dada zangu. Alilia mpaka mavyaa akaja na tasbihi mkononi kuuliza kuna nini. Nilikaa pembeni ya kitanda, sikumnyamazisha. Bibi hakumnyamazisha pia, alikuwa akimsomea kitu polepole, nadhani Al-Fatiha, tena na tena. Ilichukua muda mrefu. Kisha bibi akaniita mimi, akaniambia mtoto akiwa na huzuni hali nyama. Mpe wali mweupe na majani ya muhogo ya nazi.

Kisamvu. Wao wanakiita mataba. Nilituma mtu soko la Kongowea asubuhi ileile, nikatwanga mwenyewe, nikachuja tui mara mbili. Nilipomuwekea, simu ilikuwa imesimamishwa kando ya sahani, bibi anatazama. Akaonja. Akaonja tena. Akanigeukia akasema, taratibu, kama anayejaribu maji kwa kidole: "Marahaba."

Mwanangu wa kiume alifungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

Tangu siku hiyo simu inapigwa kila baada ya Alasiri. Mimi ananiita kwa jina langu, na ninaitika. Bibi anasema presha imepanda tena wiki hii na dawa ilikwisha Jumatatu. Tafadhalini mtieni katika dua zenu za usiku, na yeyote mwenye jamaa anayesafiri kwenda Moroni kabla ya mwisho wa mwezi aniambie, nina kifurushi kidogo cha kumpelekea.