Mito Minane ya Zambarau

Nikisema mimi ni fundi cherehani, watu hunitazama kwa heshima. Wakiuliza nashona nini nikawajibu mito ya makochi, heshima inashuka nusu. Nikiongeza kwamba nashona pia nguo ya mtungi wa gesi, kava la friji na kitambaa cha televisheni chenye lasi pembeni, hapo mtu anacheka mpaka anajishika kiuno. Akimaliza kucheka ananiuliza hiyo ya mtungi ni shilingi ngapi.

Basi njooni mkae na mimi kibarazani, Kirumba jijini Mwanza, Ijumaa iliyopita.

Saa 12:15 asubuhi nilikuwa nashuka kutoka nyumbani Kitangiri na mfuko wa faiba ya kujazia mito begani. Wanaoijua Kitangiri wanajua ngazi zile za mawe, na faiba haina uzito ila ina ukubwa wa ng'ombe. Upepo wa ziwani ukiukamata mfuko, unakugeuza uso ulikotoka. Huwa najicheka njiani. Huu ni mkoa wa pamba, hata timu yetu ya mpira inaitwa Pamba, na mimi nimebeba plastiki iliyochambuliwa ikawa nyeupe kama wingu, ambayo wateja nao wanaiita pamba. Lakini ukweli usemwe: pamba halisi baada ya miezi sita inajikusanya madonge, mto unakuwa kama gunia la viazi. Faiba ukiipigapiga inarudi.

Saa 1 nimeshafagia, nimetia mashine oili na kubadilisha sindano. Velveti inataka namba 16. Ukiingia na ile ya kushonea kanga utavunja tatu kabla ya chai. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani wakanisalimia kama kawaida yao, "Vipi fundi wa mito, leo unabembeleza makochi ya nani?" Anayeongoza kucheka ana pikipiki yenye nyuzi za rangi tatu zinazoning'inia kwenye usukani na siti ya manyoya. Sijawahi kumwambia kitu. Siti ile nimeshona mimi.

Saa 2 kasoro akaja mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni, na mito yake mitano ya zamani anataka ijazwe upya. "Mwangaluka, fundi," akanisalimia Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Kazi ya kufungua mto mzee siipendi na naipenda. Siipendi kwa vumbi. Naipenda kwa sababu mto wa kochi unajua mambo ya nyumba kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Nilipopitisha wembe kwenye mshono vikatoka sarafu za shilingi 650, kifuniko cha kalamu, dagaa watano waliokauka wakanyooka kama misumari, na hereni moja ya dhahabu. Mama akaishika ile hereni, akaigeuza, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Kuna mtoto wa watu nilimsema vibaya," akasema. Kisha akaniuliza faiba kilo shilingi ngapi.

Saa 3 hadi saa 5 ilikuwa kushona tu, mimi na dogo ninayemfundisha, yeye zipu mimi paipini, ule utepe wa ukingoni.

Saa 5 na robo akafika mama mwenye shughuli.

Nimweleze kidogo. Jumamosi, yaani kesho yake, wageni wanatoka Geita kuleta mahari ya binti yake. Aliniletea velveti ya zambarau, akataka mito minane, inchi 16 kwa 16, yenye marinda kuzunguka pande zote. Nilimwambia alete mita nne, akaleta tatu. Marinda yanakula kitambaa jamani, mto mmoja wa inchi 64 kuzunguka unataka utepe wa inchi 128 ili mikunjo isimame. Nikapiga hesabu zangu, nikaunga vipande vya pembeni, ikatosha bila kubaki hata cha kufutia miwani. Na zamani wageni wa Geita ungewahesabia foleni ya kivuko pale Busisi, ukapata saa mbili za kuokoa aibu. Tangu 2025 kuna daraja, kilomita kama tatu juu ya maji, mtu anavuka kabla hajamaliza soda. Kwa hiyo mito ilikuwa lazima itoke siku hiyo hiyo.

Akaipanga yote minane kwenye benchi. Akarudi nyuma hatua mbili. Akainamisha kichwa.

"Fundi, hii miwili si rangi yetu."

"Ni ile ile, mama. Jora moja."

"Mimi nina macho, baba. Sita inang'aa, miwili imeiva."

Nikajua papo hapo, na tumbo likanishuka. Velveti ina manyoya, na manyoya yana upande yanakolalia. Ukiyapapasa kuelekea chini kitambaa kinang'aa, kuelekea juu kinakuwa cheusi cheusi. Ndiyo maana kila kipande nakichora mshale wa chaki mgongoni kabla sijakata, maana mraba hauna kichwa wala miguu. Alhamisi usiku umeme ulikatika nikiwa nimebakiza foronya mbili, nikazimalizia kwa tochi ya simu, na mishale ya chaki kwa tochi ya simu ni kutafuta mbu gizani. Zote mbili nilizishona miguu juu.

Nilianza kwa ujanja, sitawaficha. Nikaishika ile miwili, nikaigeuza juu chini. Mito yote minane ikawa rangi moja. "Unaona mama? Ilikaa vibaya tu." Akatabasamu. Dogo akatabasamu. Kisha mama akapitisha kidole taratibu ukingo wa juu, chini ya marinda, kama anayetafuta mfupa kwenye samaki, akasimama.

"Zipu iko juu."

"Imefunikwa na marinda, haionekani."

"Mgeni akiegemea akaisikia shingoni?"

"Mama, wanakuja kutoa ng'ombe, hawaji kukagua zipu."

"Hata wasiione. Mimi nitajua."

Hapo dogo akainama akajifanya anaokota pini. Maneno hayo, mimi nitajua, ndiyo ninayomwambia kila akishona kona ikabaki na sikio la mbwa akaniambia hakuna atakayeona. Nilikosa la kujibu. Mama akaketi kwenye benchi langu, akavua viatu, akasema atasubiri.

Na alisubiri kweli. Aliongea na simu na watu wasiopungua sita, na kila mmoja alimwambia fundi ameharibu mito. Aliniambia jinsi fundi wa Igoma anavyoshona. Alishika kila kilichokuwa mezani: bobini, chaki, hata chai yangu. Bodaboda mmoja alipokuja kuangalia kuna nini, akamwonyesha mito na kumuuliza yeye anaona ipi imeiva, na yule kijana, mwenye nyuzi za rangi tatu, akakunja mikono akatazama kwa makini sana, akaonyesha miwili ileile.

Kufumua velveti si kama kufumua khanga. Kwa kila foronya ilibidi nifungue upande wa zipu na upande wa pili, nitoe marinda pande zote mbili, nihamishe zipu, nirudishe marinda. Unaukata uzi kwa ncha ya wembe, mmoja mmoja, ukijua kwamba ukiteleza huna kipande cha akiba, duka la Makoroboi alikonunua lilikuwa limebakiza jora la mwisho. Nilipofika foronya ya pili umeme ukakatika tena. Nikatoa mkanda wa mota, nikarudi kwenye kukanyaga kwa miguu. Chakula cha mchana kilipita bila kuniaga. Jua likahamia upande wetu, jasho likawa linanitiririka puani na siwezi kulifuta kwa mkono wenye manyoya ya zambarau.

Sindano ya kwanza ilivunjika penye makutano ya zipu na marinda, penye tabaka sita za kitambaa. Ya pili ilivunjika hapo hapo.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo mama hakulijua nami sikumwambia: mshono uliofumuliwa kwenye velveti unaacha alama, kama kovu, na velveti haipigwi pasi usoni, ukiigusa tu manyoya yanalala hayaamki. Nikamwachia dogo mashine, nikaenda kwa mama ntilie wa pembeni, nikaomba kushikilia foronya juu ya mvuke wa maji yake ya chai. Nimesimama pale, mtu mzima, naipitisha foronya ya zambarau mbele nyuma juu ya sufuria, wateja wake wanakula ugali wananitazama. "Hiyo nayo inaiva lini?" mmoja akauliza. Sikuwa na nguvu ya kumjibu. Lakini manyoya yaliamka, kovu likafutika, na nawaambia wazi kwamba hakuna aliyekuwepo pale ambaye angeweza kuifanya kazi ile.

Jua lilikuwa linaingia ziwani mume wake alipokuja na gari kumchukua. Hakushuka. Alipiga honi mara mbili, akasema kupitia dirishani kwamba nyumba yake ina mito mingi kuliko watu, kwamba akitaka kukaa lazima kwanza ahamishe saba, kwamba hizi ni fujo za wanawake. Mke wake hakugeuka. Tulikuwa tunaipanga minane kwenye benchi kwa mara ya mwisho, na mimi moyo unanipiga kama wa mtahiniwa.

Honi ikanyamaza. Mlango ukafunguliwa.

"Ule wa tatu," yule mzee akasema, amesimama nyuma yetu mikono kiunoni, "marinda ya kona hayajakaa."

Alisema kweli. Nikayavuta kwa kidole, yakakaa. Akaitazama tena yote, akarudi garini bila neno jingine.

Ilibaki 20,000. Mama akakata 2,000, akasema ni ya kusubirishwa. Nikampa risiti ya 18,000.

Nilipofika juu Kitangiri nilikuwa nasikia cherehani masikioni. Nikaoga, nikapenga pua, ikatoka kamasi ya zambarau. Mke wangu aliyekuwa ameshika taa akaiangalia, akauliza kesho ni rangi gani.

"Kijani," nikamwambia.