Eksirei mara mbili hamna kitu, MRI ndo ikaumbua

Niliteleza nikatua na kiganja, kifundo cha mkono kikavimba kidogo tu, nikapigwa eksirei, dokta akacheki akasema hamna kitu hapo, umeshtua tu, kunywa dawa za maumivu. Nikafurahi, si picha imeshasema.

Wiki imepita, kufungua kifuniko cha chupa siwezi. Na maumivu hayakuwa mkono wote, ni sehemu moja tu, kale kashimo kanakotokea chini ya dole gumba ukilinyoosha, ukikabonyeza machozi yanakulenga. Nikarudi, nikakutana na dokta mwingine, huyu hata kabla ya picha alikabonyeza kale kashimo, nikaruka, akauliza ulitua na kiganja eh? Akanambia chini hapo kuna mfupa mdogo unaitwa skafoidi, unaweza ukapasuka na eksirei ya siku za mwanzo isione kitu, ufa mwembamba halafu mifupa mingine imeukalia. Akaagiza eksirei nyingine, kiganja kimelazwa kuelekea kidole cha mwisho ili mfupa ujinyooshe uonekane vizuri. Bado hamna! Mi nikajua ndo naenda zangu nyumbani, kumbe ananifunga plasta, na chaguo mbili, turudie eksirei siku 10 hadi 14 tangu nianguke au tupige MRI sasa hivi.

Nilitaka kubisha kuhusu plasta, ila alivyonieleza kwamba damu ya ule mfupa inaingilia upande wa vidole ikirudi nyuma, kwa hiyo ukikatika kile kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa, nikanyamaza.

Nikachagua MRI. Haina mionzi, ni sumaku na mawimbi ya redio, wanakuuliza kama una chuma mwilini, kelele zake sasa, kama mtu anagonga bati sikioni na hutakiwi kutingishika. Ikaonyesha ufa, na maji maji yaliyojaa ndani ya mfupa kuzunguka ufa, ambayo eksirei haiyaoni kabisa, ligamenti nazo, zile kamba zinazoshikilia mifupa pamoja, zikaonekana ziko salama.

Plasta nilikaa nayo wiki 10, baada ya hapo siti skani, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za mfupa vipande vipande, maana hiyo ndo inaonyesha vizuri kama mfupa umeunga kweli au bado kuna mwanya. Majibu yalikuwa tayari kwenye kompyuta yake, lakini yule dokta kabla hajayafungua akanivuta mkono, akabonyeza kale kashimo, ananiangalia usoni.