Moshi, Mlima Ulipogoma Kutoka

Chumba "kinachotazama mlima" nilitozwa elfu ishirini zaidi ya vyumba vingine. Nilipofungua dirisha nikakutana na tenki jeusi la maji la jirani, na nyuma yake wingu. Mhudumu akasema mlima uko palepale, nisubiri asubuhi. Nilisubiri asubuhi zote nilizokaa Moshi. Julai mji huu una baridi na mawingu. Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, hujitokeza alfajiri au jioni ukipenda, na safari hii haukupenda. Nilipodai fedha zangu nikaambiwa mawingu si kosa la nyumba ya wageni. Na tenki je?

Mimi hupiga picha kwa simu tu, na zaidi napenda vitu ambavyo watu wamevizoea hadi hawavioni: mikono inayochambua mchele, kandambili mlangoni pa msikiti, kivuli cha bodaboda ukutani. Sivuti picha kwa vidole kwenye kioo, nasogea kwa miguu. Ukivuta, picha inachakaa, tena mtu aliye mbali hajui kama unampiga, na huo kwangu ni wizi. Mwanga wa huku karibu na ikweta nao hauna subira. Siku ya jua kali, saa nne asubuhi tayari macho ya watu yamezama kwenye vivuli vyeusi. Ndiyo maana mawingu yale niliyashukuru. Yanatawanya mwanga, uso unatoka laini mchana kutwa.

Basi nikaenda soko la Kiboriloni. Mama mmoja alikuwa anatenganisha vichane vya ndizi mshare kwa kisu kifupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nikufungie ngapi?"

Nikamwomba nimpige picha. Akaweka kisu chini. "Mnatupiga, mnaondoka nazo. Mimi nabaki na nini?" Nikasema natoka Tanga, picha ni zangu, siuzi. "Basi nisafishie na yangu, uniletee hapahapa. Ukikubali, piga."

Nikakubali. Taabu ikawa turubai la bluu lililotandwa juu ya meza yake: uso wote ulitoka bluu. Nikamsihi asogee nje hatua mbili, akakataa, wateja wangepita. Kijana wa meza ya pili akachukua gunia jeupe la sandarusi, akalinyoosha upande wa barabarani, nasi tukawa tunaligeuza taratibu mpaka weupe wake ukamrudishia mama mwanga usoni. Bluu ikapungua. Vidole vikajitokeza, vimeshika utomvu mweusi wa ndizi mpaka kwenye mistari ya viungo. Nikapiga hapo, naye anahesabu chenji.

Studio karibu na stendi walinitaka elfu mbili kwa picha moja ndogo, bei ambayo Tanga nasafishia mbili. Kijana wa kompyuta akauliza, "Kaka, nimng'arishe kidogo? Hilo turubai nilitoe, niweke maua?" Nikakataa. Alishangaa kweli, maana wateja wake wote hung'arishwa.

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu. "Umeniweka na utomvu," akasema. Kisha: "Na mlima uko wapi?" Binti yake ameolewa Mwanza, wajukuu hawajawahi kufika Uchagani. Anataka wamwone bibi yao na mlima nyuma. "Huyu wa ndizi hata Mwanza wapo."

Nikamkumbuka mama yangu. Picha yake ya ujana ni moja, ya studio: amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege, mkono juu ya maua ya plastiki. Ndege hajapanda hadi leo. Miaka mingi nimesikitika kwamba hakuna aliyempiga jikoni, akipepea mkaa, jinsi sisi wanawe tulivyomjua. Bado nasikitika. Lakini gauni lile alilichagua mwenyewe, fedha alilipa mwenyewe, na picha akaitundika sebuleni. Tukimpiga mtu kwenye kazi yake tu, naye tukamnyima siku ya kuvaa, tumemdhulumu.

Jioni yule mama wa ndizi alifunga meza, akavaa kitenge na kilemba, tukaenda studio. Elfu mbili nyingine ikanitoka. Kijana alikuwa na picha kadhaa za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwenye kompyuta, za miaka mbalimbali, na tofauti ilinichoma moyo: tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imekwisha, na kwenye picha za karibuni jiwe liko wazi. Akamuuliza mama achukue upi, wa siku hizi au wa zamani.

"Huo wenye barafu nyingi," mama akasema. "Ndio niliokua nao."