Siku moja maishani mwangu: Sanganer, jela ambayo mfungwa hulipa umeme wake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baridi ya Jaipur, India, mwezi Januari ukimweleza mtu wa Morogoro atakwambia unajidai. Maji ya bomba yanauma vidole. Ukungu ni mzito kiasi kwamba jengo la ng'ambo ya barabara halionekani, zinaonekana taa zake tu. Naoga maji ya ndoo moja, navaa sweta mbili, nashuka na chai yangu mkononi mpaka kwa mlinzi wa hosteli. Hii ni hosteli ya wasichana, mtaa wa Malviya Nagar, na hakuna anayetoka bila kusaini kitabu: jina, uendako, saa ya kurudi. Kwenye safu ya uendako naandika kama kila siku: Jela. Mara ya kwanza mlinzi alicheka mpaka akamwita mwenzake aje kusoma. Siku hizi hata hainui macho.

Nasomea ustawi wa jamii, shahada ya uzamili, na mafunzo yangu ya vitendo ni kujaza hojaji za familia katika kambi ya wafungwa ya Sampurnanand, iliyoko Sanganer, kusini mwa jiji. Wengi wa walioko pale wamehukumiwa maisha kwa kuua. Wanaishi na wake zao, waume zao na watoto wao. Asubuhi wanakwenda kazini, jioni wanarudi kuitwa majina. Kambi hii ipo tangu 1963, na imepewa jina la gavana wa jimbo hili la Rajasthan wa wakati huo, ambaye kabla ya hapo, akiwa katika serikali ya jimbo la Uttar Pradesh, alikuwa ameshajaribu kuweka wafungwa kwenye kambi zisizo na kuta.

Jambo moja kabla sijaendelea: mimi mwenyewe nimekulia jela. Baba alikuwa askari magereza, nasi tuliishi kota, hatua chache kutoka ukutani. Saa tuliijua kwa filimbi ya kuhesabu wafungwa. Karandinga likipita tulilikimbilia kama watoto wengine wanavyolikimbilia gari la soda. Kwa hiyo niliposikia "jela ya wazi" nilidhani ni kile tunachokiita kifungo cha nje: mtu yuko kwake, anakwenda kufagia zahanati au kulima bustani ya ofisi ya kata. Sivyo kabisa.

Saa moja na robo niko kwenye bajaji. Wahindi waliotuletea bajaji wao wanaiita oto. Ukisema "bajaji" wanadhani unataka kampuni ya Bajaj. Tunateremka barabara ya Tonk. Sanganer inasifika kwa vitambaa vya kupiga chapa kwa vibao vya mbao, na uwanja wa ndege wa Jaipur uko huku huku, kwa hiyo mazungumzo yote ya siku hukatizwa na ndege. Hivi sasa vijana wote wa jiji wanazungumzia tiara. Zimebaki siku tatu ifike Makar Sankranti, tarehe 14, siku ambayo Jaipur nzima hupanda juu ya mapaa kurusha tiara na kukatana nyuzi.

Saa mbili kasoro kumi nafika. Huu ndio wakati ninaoupenda, maana watu wanatoka. Baiskeli, pikipiki, vijaluba vya chakula vimefungwa kwenye mikoba, skafu zimezungushwa mpaka puani. Kuna mafundi ujenzi, watu wa viwandani, dereva wa oto, muuza maziwa. Na kuna mmoja aliyevaa sare ya ulinzi, kofia na beji, anakwenda kulinda ghala la watu. Mfungwa wa maisha, na mwajiri wake anajua. Nilimwuliza siku moja kama haoni ajabu. Akaniambia kwa utulivu kwamba miaka yote aliyokaa ndani alikuwa anatazama watu wakilinda, amejifunza kazi kwa kuangalia.

Majina ya asubuhi yameshaitwa. Wenyewe wanaita haziri. Neno hilo na "kuhudhuria" letu ni ndugu wa baba mmoja Mwarabu. Wanaoita haziri ni wafungwa wenzao, wajumbe wa baraza linalochaguliwa na wafungwa, Bandi Panchayat. Hata kwetu wapo wanyapara, lakini mnyapara huteuliwa na afande. Huyu anapigiwa kura, na kama mwenyekiti yeyote wa mtaa anasutwa hadharani maji yakikatika.

Napeleka barua yangu ya kibali ofisini, inagongwa muhuri, natoka. Ofisi ni ndogo. Maafisa ni wachache kuliko walimu wa shule yangu ya msingi.

Saa tatu tunaanza kazi. Natembea na Didi, mwenzangu wa hapa hapa Jaipur anayenitafsiria. Kihindi changu kinatosha kununua nyanya, hakitoshi kumwuliza mtu kwa nini aliua. Wala hatuulizi. Hojaji ina maswali ya maji, choo, ada, mapato na ugonjwa. Kosa lenyewe wanalitaja wao bila kuombwa, tena kwa namba: "tin sau do", mia tatu na mbili, kifungu cha mauaji katika kanuni ya adhabu ya zamani. Sheria mpya ilianza kutumika Julai 2024 na namba ikabadilika, lakini waliohukumiwa kwa 302 watabaki watu wa 302.

Nyumba ya kwanza ina chumba kimoja na kibaraza. Zote hapa zimejengwa na wafungwa wenyewe, kila mmoja kwa uwezo wake: matofali huku, mabati kule, turubai pale hela ilipokatikia. Serikali haitoi chakula, hailipi umeme, hailipi maji. Mama mwenye nyumba, tunayemwita Bhabhi kama inavyopasa kumwita mke wa kaka, anaweka bili ya umeme mbele yetu hata kabla hatujakaa. Anataka tuandike kwamba imepanda. Namwambia hojaji haina sehemu ya malalamiko ya umeme. Ananiambia nichore.

Huyu mama alikaa kijijini miaka mumewe akiwa ndani ya jela yenye kuta. Ili mtu ahamishiwe kambini sharti awe ametumikia angalau theluthi ya kifungo, pamoja na msamaha anaohesabiwa, na awe na mwenendo mzuri. Alikuwa anasafiri kwenda kumwona kupitia wavu, dakika chache, anarudi. Mtoto wao wa kwanza alimfahamu baba yake kama mtu wa kwenye wavu. Siku walipohamia Sanganer mtoto alikuwa na miaka saba, akakataa kulala chumba kimoja na "yule mgeni". Bhabhi anasimulia huku anacheka na kukunja nguo. Didi anatafsiri, mimi najifanya naandika.

Halafu nikafanya kosa langu la kila wiki. Mfungwa kwa Kihindi ni qaidi, na kila nikilisikia nasikia kaidi yetu. Nikamweleza Bhabhi kwamba kwetu kaidi ni mtu mbishi asiyesikia. Akaangalia upande aliko mumewe, anatengeneza mnyororo wa baiskeli, akasema: basi huyu ni qaidi wa lugha zote mbili.

Nyumba ya pili na ya tatu hazina mengi. Ya nne mume na mke wote ni wafungwa. Kila mmoja alikuja na kosa lake, wakaonana hapa, wakaoana. Nikijaza fomu sikujua nani niandike kuwa "mfungwa" na nani "mwanafamilia". Mwanamume akasema mwandike mwanamke kuwa mfungwa, yeye ni mwanafamilia, kwa sababu mwanamke ndiye mwenye mshahara mkubwa. Mpaka sasa sijaielewa mantiki yake.

Saa saba tunakula kwa mama mmoja aliyekataa tukatae. Mkate wa uwele unaoka juu ya kuni, siagi, chatne ya vitunguu saumu inayochoma mpaka masikioni, na kipande cha sukari guru. Watoto wametoka shule. Ipo shule hapa hapa, na yapo malezi ya wadogo. Wakubwa wanasoma mjini, na wakiulizwa wanaishi wapi husema Sanganer tu, wanaishia hapo. Binti wa kidato cha juu aliniambia marafiki zake hawajawahi kuja kwao. Si kwamba wamekatazwa. Amewaambia nyumba ni ndogo.

Kwenye kula ndiyo habari zinatoka. Hofu kubwa ya watu hapa ni ardhi. Sanganer ya 1963 ilikuwa nje ya mji. Leo mji umeizunguka na kila mraba una bei. Serikali ya jimbo ilitenga sehemu ya kambi kujengwa hospitali. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya India ikaagiza eneo la kambi lisipunguzwe, na mabishano hayakuishia hapo. Mzee mmoja aliweka hoja yake vizuri kuliko wakili: hospitali tunaitaka, nasi tunaumwa, lakini kwa nini kila mpima ardhi akishika kamba anaanzia mlangoni kwangu?

Saa tisa. Nyumba ya mwisho, na ndiyo iliyonikalisha.

Mume kifungo chake kinakaribia kuisha. Kwa mauaji sheria haimruhusu mfungwa wa maisha kufikiriwa msamaha kabla ya miaka 14 kamili ndani, naye ameshaivuka. Majalada yamepita mezani, amri inaweza kufika wiki yoyote. Nilitegemea nikute nderemo. Nilimkuta mke amekaa juu ya sanduku la mabati, uso wa mtu aliyepewa notisi ya kuhama. Na kweli ni notisi. Akiachiwa huru, nyumba hii aliyoijenga kwa mikono yake si yake tena, anampisha mwingine. Mtoto wa kwanza ana mtihani wa taifa wa darasa la kumi mwezi Machi. Mke ana kazi ya kushona karibu. Mume anajulikana na fundi mkuu wa kiwanda. Kijijini, ardhi ililimwa na ndugu miaka yote hiyo, na familia ya marehemu inaishi njia ile ile ya kisimani.

"Wangengoja Machi," mke akasema. Didi alitafsiri, ingawa hata mimi nilikuwa nimeelewa.

Mume hakusema mengi. Alituonyesha mlango. Aliununua vipande vipande: mbao mwaka mmoja, bawaba mwaka mwingine. Anafikiria kuung'oa aondoke nao. Sikujua mlango unaandikwa sehemu gani ya hojaji.

Baadaye Didi aliniambia si wa kwanza. Kambi hii imewahi kulazimika kuwaondoa watu waliomaliza vifungo vyao na hawataki kutoka. Kama ningesikia nikiwa mtoto wa kota, ningedhani ni kichekesho cha maafande.

Saa kumi na moja na nusu jioni baiskeli zinaanza kurudi. Wanaruhusiwa kwenda mpaka kilomita 10 kutafuta riziki, na jioni lazima waonekane. Wanakusanyika uwanjani, wengine bado wana vumbi la saruji, mlinzi bado amevaa beji yake. Jina linasomwa, mtu anaitika, linafuata lingine. Hakuna kuchuchumaa wawili wawili. Hilo ndilo jicho langu liliona kwanza, kwa sababu hesabu zote nilizoziona utotoni watu walichuchumaa. Watoto wanakatisha katikati ya mistari wakikimbiza tiara iliyokatika, na msomaji anangoja wapite kisha anaendelea.

Njia ya kurudi ilikuwa na foleni ya harusi, farasi, matarumbeta na bwana harusi aliyefunikwa maua. Nafika hosteli saa mbili na dakika ishirini usiku. Geti hufungwa saa mbili na nusu. Nasaini.

Saa mbili na nusu hapa ni saa kumi na mbili jioni nyumbani, wakati wa simu ya baba. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umekula?" Nimekula. Kisha maswali yake, yale yale kila siku, kama mtu anayekagua kituo. Usiku analinda nani? Namwambia karibu hakuna. Wanaotoroka? Wachache mno, anayevunja masharti hurudishwa kwenye kuta, na kurudi kule ni kuiacha familia. Gharama? Hapo huwa ananyamaza kidogo, kwa sababu utafiti uliofanyiwa jimbo hili ulikuta mfungwa wa Jela Kuu ya Jaipur anagharimu mara 14 ya huyu wa Sanganer, na baba alimaliza utumishi wake akipigia hesabu magunia ya mahindi yasiyotosha.

Leo nikamsimulia ya mlango, na ya mtihani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Chini mlinzi alikuwa anavuta geti, kufuli ikalia, wasichana wawili waliochelewa wakaanza kubembeleza kwa nje.

"Sasa hao wakubwa wa huko," baba akasema, "wana haraka gani? Si wamwache mtoto afanye mtihani?"

Miaka 31 katika jeshi la magereza, huyu mzee.

Nikamwambia sijui, nitawauliza kesho. Nikaenda kuweka ndoo ya maji kwenye hita.