Breki mpya kwa Land Rover ya zamani: nilivyojiandaa kwa mteremko wa Lushoto

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33, na sehemu kubwa ni mteremko. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini kwenye uwanda wa joto, na kati yake kuna Soni na kona zisizoisha: huku ukuta wa mlima, huku bonde. Mabasi, bodaboda na malori ya mboga yote yanapita humo humo. Mimi napita na Land Rover Series IIA ya mwaka 1969, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli mbili, ya petroli, aliyoniachia marehemu baba. Siwezi kuiacha ioze bandani, wala siwezi kupakia watoto wangu nikiwa na mashaka na breki.

Breki lilizokuja nazo gari hili kutoka kiwandani ni dramu za inchi 10 magurudumu yote manne (ngoma za chuma, ndani yake kuna viatu vya breki, yaani shuu, vinavyotanuka na kuzikamata), bila sevo (kifaa kinachouongezea mguu nguvu), na masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, ya mkondo mmoja. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likininyima raha. Mkondo mmoja maana yake mafuta ya breki ya magurudumu yote yanatoka chumba kimoja. Bomba moja likipasuka, au hos paipu moja ikichanika, pedali inazama hadi sakafuni na hubaki na breki hata gurudumu moja. Usitegemee handibreki. Kwenye Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, nyuma ya gia boksi. Kazi yake ni kuzuia gari lililokwisha simama. Ukiivuta kwa nguvu gari likiwa kwenye mwendo, unaweza kuvunja ekseli, na ekseli ya nyuma ikivunjika handibreki nayo imekwenda.

Karibu kila niliyemuuliza aliniambia nifunge diski, yaani breki za sahani inayobanwa pande mbili badala ya dramu. Diski ni nzuri, sibishi: zinapoa haraka na hazisumbuliwi sana na maji. Lakini ukifunga diski mbele ukaacha mkondo mmoja, umeongeza nguvu ya kusimama siku mambo yakiwa mazuri, na siku bomba likipasuka uko pale pale. Kwa hiyo mpango wangu ulianza na mikondo miwili, ndipo nguvu ifuate. Na nilitaka vipuri vya Land Rover zenyewe, za Series III iliyofuata na za 109, ile ndefu, kwa sababu fundi yeyote wa Tanga au Korogwe anavijua na shuu zake zinapatikana.

Tulianza na sili za oili. Gari la umri huu huvuja kwenye habu (kitovu cha gurudumu), oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) ikaingia kwenye dramu na kulowesha shuu. Shuu iliyolowa oili haioshwi ikapona, inatupwa, na ukifunga mpya bila kubadilisha sili umetupa hela. Jambo jingine ambalo vijana wa gereji wengi hawalizingatii: shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni ni sumu ya miaka mingi. Dramu zilipofunguliwa niliwakataza kupuliza kwa kompresa. Tulilowanisha kila kitu kwa maji ya sabuni, tukafuta kwa matambara, matambara tukayafunga kwenye mfuko.

Mbele tulifunga sahani za breki za 109, mabamba yanayobeba shuu na silinda zake, za inchi 11. Zinaingia kwenye boliti zile zile. Faida yake kubwa si ile inchi moja tu. Kila gurudumu lina silinda mbili ndogo zenye pistoni, kila shuu inasukumwa na silinda yake, na zote mbili zimepangwa ili dramu inapozunguka kwenda mbele iivute shuu ijikandamize zaidi yenyewe. Kwenye dramu za inchi 10, shuu moja tu ndiyo inayopata msaada huo, ya pili inasukumwa nyuma na mzunguko ule ule.

Lakini sahani hizi zina kulia na kushoto. Fundi wangu, mtu mzima aliyezeeka na Land Rover, aliziweka sakafuni, akashika dramu na kuizungusha taratibu kwa mkono juu yake. "Tazama hapa, mwanangu. Dramu ikienda mbele, lazima ipite kwanza kwenye ncha inayosukumwa na pistoni, halafu ndiyo iende kwenye ncha iliyoegemea. Ukizifunga kinyume, gari litashika breki vizuri likirudi nyuma tu." Ndiyo sababu pia tuliacha zile za inchi 10 nyuma kama zilivyo: gari likitaka kurudi kinyumenyume mlimani, breki za mbele za aina hii hupungua nguvu, na za nyuma zinahitajika zikamate pande zote.

Masta silinda ya mikondo miwili ilikuja na sevo yake na kikasha cha pedali cha Series III, kwa sababu cha zamani hakipokei sevo. Chagua masta inayolingana na breki za inchi 11. Silinda nne za mbele zinakula mafuta mengi, na masta ndogo itakupa pedali inayoshuka mno kabla ya kukamata. Sevo inapata mvuto wake wa hewa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kupitia vali ya njia moja. Injini ya dizeli haina mvuto huo, hivyo wenye dizeli wanahitaji pampu yake.

Mabomba yote tulitupa. Tulitengeneza mapya ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, hayali kutu kama ya chuma, na hos paipu zote mpya. Angalieni uzi wa nati: za gari la zamani ni za inchi, na vipuri vingi vya baadaye ni vya milimita. Nati inaweza kuingia mizunguko miwili ikadanganya kwamba imekubali.

Kuhusu mafuta ya breki, niliacha DOT 3 nikaweka DOT 4. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ila mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, 155 yakilowa. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea: unakanyaga, pedali inakwenda, gari halisimami. Kwa ukungu wa Lushoto, nayabadilisha yote kila baada ya miaka miwili hata kama rangi yake bado nzuri.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kulisumbua kuliko kazi nyingine yote. Kilichosaidia ni kukaza ajasta zote, boliti za kusogezea shuu, mpaka shuu ziguse dramu, kisha kuanza na gurudumu la mbali zaidi na masta. Tulipomaliza, tulilegeza hadi gurudumu lizunguke huru.

Kabla ya kutoka gereji nilitaka kuona mikondo miwili ikifanya kazi kweli. Uwanjani, pasipo mteremko, tulilegeza nipeli (skrubu ya kutolea upepo) moja ya nyuma, nikaenda mwendo wa mtu anayetembea, nikakanyaga. Pedali ilizama mbali, mafuta yakamwagika nyuma, na magurudumu ya mbele yakakamata, gari likasimama. Tukakaza, tukarudia kwa mbele. Nyuma zilisimamisha gari kwa kusuasua, lakini zilisimamisha. Sevo niliipima kwa kukanyaga mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, kisha nikashikilia pedali na kuwasha. Ilishuka kidogo chini ya mguu, dalili kwamba inavuta.

Mteremko bado nashuka na gia ile ile ningepandia, namba mbili kwenye kona za Soni, breki nikizigusa na kuziachia. Shuu mpya zilipokaa kwenye dramu niliseti ajasta upya, na habu nikizishika kwa kiganja pale Mombo hakuna gurudumu lililo moto kuliko mwenzake upande wa pili. Iliyobaki ni handibreki, ambayo ni ile ile. Nikiegesha mlimani natia gia, nashuka, naweka kigogo nyuma ya gurudumu, ndipo naliacha.